Taa ya taimingi kwa Beetle: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mafundi wengi bado wanaseti taimingi ya Volkswagen Beetle, yaani wakati plagi inapopiga moto, kwa sikio. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta), fundi analegeza nati ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, anaizungusha distribyuta yenyewe taratibu, mlio ukichangamka anakaza na kazi imekwisha. Shida ni kwamba injini inachangamka zaidi taimingi ikishavuka kiasi. Gari la kupozwa na maji likizidishiwa hivyo, ukipanda mlima utalisikia linagonga. Beetle, inayopozwa kwa hewa, haikupi onyo hilo kirahisi, maana kelele ya feni inameza kila kitu, na unaweza kuja kujua pistoni ikiwa imeshatoboka. Gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962 si dhaifu, ila joto la kuzidishiwa taimingi halivumilii.

Taa ya taimingi inamulika puli ya injini kila plagi inapopiga, ili uone alama iko wapi. Kabla ya kutoa hela, jua unatafuta namba gani. Beetle nyingi zilizobadilishwa distribyuta zimewekwa Bosch 009 au nakala yake. Hii haina mpira wa vakyumu, yaani unaosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa ya injini. Ndani kuna vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri injini inavyokimbia, navyo ndivyo vinavyosogeza taimingi mbele. Namba iliyozoeleka kuanzia ni digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu, lakini nakala hazifanani. Ukichukua mbili, zote ukaziseti 7.5, ukipiga resi moja inaweza kuishia 28 na nyingine ikapita 34. Kwa hiyo namba inayolinda injini ni ile ya juu: digrii 30 hadi 32, injini ikiwa imepita mizunguko 3,000 kwa dakika. Mpangilio wangu hapa chini kwa sehemu kubwa unafuata namba hiyo.

1. Taa ya zenoni yenye kioo cha namba na vitufe vya digrii

Hii ndiyo ya kununua kama gari ni lako na unakusudia kukaa nalo. Unabana klipu kwenye waya wa plagi ya silinda namba moja, unaunga nyaya mbili kwenye betri, unaweka 30 kwenye kioo, unapiga resi huku ukimulika puli. Taa inachelewesha mmweko wake kwa hizo digrii 30, kwa hiyo unachotazama ni alama ya pistoni kuwa juu kabisa, ikae sawa na mstari unaogawa bloku katikati. Huhitaji puli yenye digrii. Zaidi ya hapo, kioo kinakuonyesha mizunguko, na Beetle haikutoka kiwandani na geji ya mizunguko. Bila hiyo, 3,000 yako ni ya kukisia.

Innova ya Marekani na Gunson ya Uingereza ni majina ya siku nyingi kwenye vifaa hivi. Zisizo na jina nazo zipo tele na nyingine zinafanya kazi vizuri, ila kagua klipu. Ndani yake kuna vipande viwili vyeusi vya feraiti, aina ya kauri inayopitisha nguvu ya sumaku, vinavyopaswa kukutana bila upenyo. Taa ikianguka sakafuni mara moja, kipande kinapata ufa, na kuanzia hapo inaruka mmweko mmoja mmoja na utadhani injini ndiyo ina misi (silinda inakosa kuwaka). Chagua yenye nyaya za kuchomoa, kwa sababu waya ukiungulia kwenye ekzosi utabadilisha waya peke yake. Mshale ulio kwenye klipu uelekee kwenye plagi.

2. Balbu ya volti 12 na nyaya mbili

Ndiyo, ya pili, juu ya taa zilizoizidi bei mara nyingi. Unaunga waya mmoja upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta, mwingine kwenye bodi, unafungua swichi bila kuwasha injini. Unazungusha puli kwa spana hadi alama ya 7.5 ifike kwenye mstari, kisha unazungusha distribyuta mpaka pale hasa balbu inapowaka, maana hapo pointi, vile vidole vya ndani ya distribyuta vinavyokata umeme wa koili, ndiyo zinaachana. Kaza. Haikupi ile 30, lakini inakufikisha nyumbani pointi zikikufia njiani kati ya Chalinze na Morogoro. Kaa nayo kwenye gari hata kama umenunua namba moja. Ukiwa umeondoa pointi na kuweka moduli ya elektroniki, usiitegemee.

3. Taa ya zenoni ya kawaida, isiyo na namba

Inawaka tu kila plagi inapopiga. Mwanga wake ni mzuri na bei ni nafuu, lakini alama ya digrii 30 utaichora mwenyewe. Zungushia uzi puli, pima urefu wake, gawanya kwa 12: hapo ndipo zilipo digrii 30, upande wa kulia wa alama ya pistoni kuwa juu ukiwa umesimama nyuma ya gari. Weka rangi nyeupe. Mizunguko bado utakisia, ila kuna njia: panda resi hadi alama iache kusogea. Vyuma vya ndani vikishatanuka mwisho wake, alama inatulia hata ukiongeza mafuta.

4. Taa ya neoni

Ni rahisi, ila mwanga wake ni hafifu, kwa hiyo utafanya kazi usiku au ndani ya gereji yenye giza, uso ukiwa karibu na mkanda wa feni. Iache dukani.

5. Geji ya vakyumu

Wapo wanaoiuza kama kifaa cha taimingi. Inafaa kutafuta mahali injini inapovuta hewa ya wizi, si zaidi. Isitoshe, usomaji unashuka takriban inchi moja ya zebaki kila unapopanda futi 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo namba nzuri ya Dar es Salaam haitapatikana Nairobi au Arusha hata injini ikiwa mpya.

Ukiwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, omba kujaribu kabla ya kulipa. Bodaboda yoyote ya nje inatosha: nyaya kwenye betri yake, klipu kwenye waya wa plagi. Pikipiki nyingi zinapiga moto kila mzunguko, kwa hiyo kioo kikikuonyesha 2,800 wakati pikipiki iko sailensa, taa haijakosea. Imehesabu mara mbili, na nusu yake ndiyo jibu.

Wenye Beetle za zamani za volti 6, taa hizi nyingi zinataka 12. Chukua umeme kwenye betri ya pembeni, klipu ibaki kwenye gari lako.

Na siku ya kazi, seti kwanza upenyo wa pointi, milimita 0.4, kwa sababu ukiugusa baadaye taimingi inahama nayo. Ukimulika ukaona alama inaruka-ruka badala ya kusimama, bushi ya distribyuta imekwisha, na hapo hakuna taa itakayokusaidia mpaka uibadilishe.