Kufungua kompyuta ya depo kwa simu: handaki lipi ulipie Lubumbashi

Mama mmoja mwenye depo ya unga katika commune ya Kenya, hapa Lubumbashi, alinipigia akiwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, foleni ya malori imegoma kusogea. "Papa fundi, nafungua ile mashini yangu, iko giza tu." Simu yake nzuri, mega (bando la intaneti) anazo, na kompyuta ya depo ilikuwa inawaka, mpwa wake ameketi mbele yake. Kilichokosekana ni njia ya kutoka mpakani hadi kwenye ile meza, karibu kilomita 90.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua "VPN" yoyote wanayoiona, yaani handaki la siri ndani ya intaneti. Subiri kidogo. Kwenye intaneti ya laini za simu, kwa kawaida hupewi anwani ya IP (namba ya kukufikia kwenye intaneti) ya peke yako. Wateja wengi hukaa nyuma ya anwani moja. Ni kama lupango (kiwanja) lenye wapangaji ishirini na geti moja: kila mmoja anatoka anapotaka, lakini mgeni akibisha, hakuna anayejua amwite nani. Angalia kwenye ruta yako anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, wewe ni mpangaji. Kwa hiyo handaki linalotufaa ni lile linaloanza kuchimbwa kutoka ndani ya depo kwenda nje. Ndicho kipimo nilichotumia kupanga haya yote.

Namba moja, kwa mtu mwenye depo moja au mbili, ni Tailscale. Unaiweka kwenye kompyuta na kwenye simu, unaingia kwa akaunti ileile, na vifaa viwili vinapata anwani zao za ndani zinazoanza na 100. Chini yake inafanya kazi WireGuard, teknolojia ya VPN ambayo iliingizwa kwenye kiini cha mfumo wa Linux mwaka 2020. Kila kinachopita kimesimbwa kutoka kifaa hadi kifaa. Hata mtandao ukikataa njia ya moja kwa moja na data ikapitishwa kwenye seva zao, seva hizo haziwezi kuisoma. Mpango wa bure upo kwa matumizi ya mtu binafsi. Biashara yenye wafanyakazi wengi ilipie.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mafundi husahau. Kwenye Windows, washa chaguo la Tailscale la kuendelea kufanya kazi hata kama hakuna mtu aliyeingia kwenye kompyuta. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, mashini itawaka ikae kwenye ukurasa wa nenosiri, na wewe uko Kasumbalesa unaangalia giza. La pili, ufunguo wa kifaa, yaani ruhusa yake ya kuingia Tailscale, kwa kawaida huisha baada ya siku 180. Wa mama wa unga uliisha siku ya Jumamosi, depo imefungwa. Zima muda huo kwa kompyuta ya depo tu. Kwa simu uache.

Namba mbili ni WireGuard yako mwenyewe: unakodi seva ndogo ng'ambo, kama dola 5 kwa mwezi, kisha kila depo inaunganika nayo kwa ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7 (programu inayoiendesha). Hii inamfaa mwenye depo Ruashi, nyingine Katuba na ofisi mjini, maana ruta moja inabeba kompyuta, kamera na printa zote za mahali pale. Ninaipenda kuliko ile ya kwanza, nakiri, ila sikuiweka juu kwa sababu inahitaji fundi anayepokea simu, na seva inahitaji kadi ya benki. Kulipa kwa pesa za simu moja kwa moja ni kazi. Kwenye ruta ya depo, fundi aandike PersistentKeepalive 25. Maana yake kila sekunde 25 depo inabisha kidogo kwa seva ili njia isizibike. Bila hiyo, handaki hulala, na wewe wa nje huna namna ya kuliamsha.

Sifa nyingine ya WireGuard niliiona pale pale mpakani. Simu ikiacha mnara wa kwetu na kushika wa Zambia, anwani yake hubadilika. WireGuard haijali anwani: ikipokea pakiti yenye ufunguo sahihi, inaendelea palepale. Unaona skrini inasimama kidogo tu, kisha hesabu ya mifuko inarudi.

SSH, njia ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta ya mbali, nimeipa nafasi ya tatu. Ni ya zamani na imara. Mfini Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliiandika mwaka 1995 baada ya wezi kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo chake. Kompyuta ya depo inafungua handaki hadi seva ya kukodi, na simu inaingia kupitia programu za kuonyesha skrini ya kompyuta kama bVNC au aRDP, ambazo zina SSH ndani yake. Tumia ufunguo, nenosiri ulizime kabisa. Udhaifu wake ni safarini: ukibadilisha mnara, muunganisho unakatika na unaanza upya. Kwa anayekaa mjini haina shida.

AnyDesk na TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kwa mbali, ni za nne. Zinasimba data na zinapita geti la lupango bila fundi, hilo siwezi kukataa. Ila toleo la bure si la biashara, na matapeli wanazipenda: mtu anapiga simu, anajiita wa benki, anamwomba mfanyakazi wako amsomee namba za kuingilia zilizo kwenye skrini. Ukizitumia, washa uthibitisho wa hatua mbili, na mwambie kijana wa kaunta kwamba namba ile hasomewi mtu.

Kuna ambavyo hata ukipewa bure ukatae. Programu za "VPN ya bure" za simu huficha tu unakotembelea, hazikufikishi depo. Na fundi akikuambia ana dawa rahisi, "tunafungua poti 3389 tu", yaani mlango wa RDP, njia ya Windows ya kuendeshwa kwa mbali, uachwe wazi kwa intaneti nzima, mlipe nauli aende. Niliwahi kurithi ofisi iliyofunguliwa hivyo. Nilipotazama kumbukumbu za Windows, namba 4625, yaani kuingia kulikoshindikana, ilijaza ukurasa baada ya ukurasa, usiku kucha, watu wasiojulikana wakijaribu jina "administrator".

Kabla ya hayo yote, pesa ya kwanza iende kwenye UPS (betri ya akiba), na modemu ichomekwe humo pia, si kompyuta peke yake. Kwenye BIOS, mipangilio ya mashini kabla Windows haijaanza, weka mashini ijiwashe umeme wa SNEL ukirudi. Windows Home haipokei RDP: ununue Pro, au uweke TightVNC, programu nyingine ya kuonyesha skrini kwa mbali, na uitumie ndani ya handaki tu, kwa sababu nenosiri lake husomwa herufi 8 za kwanza basi. Kama bado ni Windows 10, Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Siku ya kumlipa fundi, mwambie akae nawe. Zima wifi ya simu yako, vuka barabara, ufungue depo kwa mega. Kisha rudi, zima kompyuta na modemu kwenye umeme, hesabu dakika tano, washa, na usiguse kibodi. Jaribu tena kutoka ng'ambo ya barabara. Halafu mwambie akuonyeshe jinsi ya kuiondoa simu yako kwenye mtandao ule, kana kwamba imenyakuliwa sokoni. Akishindwa moja kati ya hayo, pesa ibaki mfukoni hadi kesho.