Karatasi iliandikwa 15.95, kwangu imefika 13

Hela ilikuwa ya kiwanja tulichouza mimi na mume wangu. Tulikubaliana isikae benki bure, tukaamua kununua hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani hati ya kuikopesha serikali, ile iliyotoka 2021 kwa kuponi (riba ya mwaka iliyopangwa kwenye hati) ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata kuponi za hati mpya zikashushwa, ya miaka 25 ikawa asilimia 12.56, na waliowahi zile za zamani wakazitunza kama mboni ya jicho. Ukiitaka, unanunua kwa mwenye nayo kupitia dalali wa soko la hisa.

Kijana wa kampuni ya udalali alichukua karatasi, akaandika 15.95% kwa wino mwekundu, akazungushia duara. "Dada, hii ndiyo faida yako kila mwaka mpaka hati iive." Yaani mpaka miaka yake iishe. Nikamuuliza, mbona hati ya milioni 20 nailipia milioni 24 na laki nne? Akacheka. "Hiyo ni bei ya soko. Hayo ya hesabu tuachie sisi."

Hayo ya hesabu tuachie sisi! Mbele ya wateja wengine, na hela ni yangu. Nikaona aibu, nikasaini. Hapo ndipo panaponiuma kuliko kote.

Malipo ya kwanza ya miezi sita yakaingia: 1,595,000. Usiku huo nilikaa mezani na daftari. Kumbe kuponi inapigwa kwenye kiasi kilichoandikwa kwenye hati, si kwenye hela uliyotoa mfukoni. Kwa mwaka napata 3,190,000, lakini nimetoa milioni 24 na laki nne. Gawanya mwenyewe: asilimia 13 na vichenji. Na haijaishia hapo. Siku hati ikiiva, Hazina itanirudishia milioni 20. Zile milioni 4 na laki nne nilizomwongezea muuzaji ndiyo zimekwenda. Ukiziingiza kwenye hesabu ya miaka kama 23 iliyobaki, faida halisi hadi kuiva ni karibu asilimia 12.9, na hapo sijaweka kamisheni ya dalali. Hiyo ndiyo namba iliyopaswa kuzungushiwa duara.

Mwenzangu kazini alinunua ile ya 12.56 miezi michache baadaye, wakati bei zimeshuka, kwa shilingi 92 kwa kila 100 ya hati. Nilimhurumia kwa kuponi ndogo! Kwa hela aliyotoa anapata zaidi ya asilimia 13.6 kwa mwaka, na ikiiva analipwa 100 kamili, ile nane ni nyongeza yake. Mwenye kuponi ndogo amenipita mimi mwenye kuponi kubwa, kwa sababu ya bei tu.

Nilirudi pale ofisini na daftari langu. Mkubwa wao hakulifungua hata ukurasa mmoja. Alisema, "Kwani riba hujalipwa, mama?"

Hatifungani yenyewe siwezi kuitukana. Malipo yanaingia kila miezi sita bila kumfuatilia mtu, na hiyo 12.9 bado inaizidi 12.56 ambayo ningepata kwa kununua mpya kwa mia kamili. Kwa hiyo sijala hasara, nikubali. Ningeambiwa ukweli siku ile, pengine ningenunua hiyohiyo.

Pengine. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko naona ningeondoka nikamtafute dalali mwingine, atakayeniandikia bei, kuponi na faida hadi kuiva, zote tatu, kabla sijashika kalamu. Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa sababu hati imefika kwenye akaunti yangu salama. Nawapa moja. Karatasi ya wino mwekundu ninayo, na naipeleka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.