Uzoefu wangu: siku moja ndani ya gari-nyumba, kutoka Tekapo hadi chini ya mlima Aoraki

Mwezi Machi, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 9 tulikodi gari-nyumba mjini Christchurch kwa safari ya siku 6 katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Nitaeleza siku ya pili peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyonionyesha uzuri wa usafiri huu pamoja na upungufu wa huduma tuliyopewa, na kwa kuwa wengi wetu tuliozoea safari za basi na hoteli hatujui cha kuuliza tunapokabidhiwa gari lenye kitanda, jiko na choo.

Tuliamka Tekapo, katika kambi ya kulipia iliyo kando ya ziwa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni taa nyekundu iliyowaka chooni kuashiria kwamba kisanduku cha kinyesi kimejaa. Tulikuwa tumelala humo usiku mmoja tu na choo tulikitumia mara mbili. Hapana shaka waliotukodisha hawakukimwaga baada ya mteja aliyetutangulia. Jambo hili lilinikera sana. Mume wangu alivaa glavu, akafungua kijimlango cha ubavuni, akakivuta kisanduku kwa mpini wake na kukiburura hadi kwenye kituo cha kumwagia maji machafu, kisha akakiinamisha taratibu huku kidole gumba kikibonyeza kitufe cha kupitisha hewa ili uchafu usiruke. Akakisuuza mara mbili na kutia dawa. Kwa hiyo, ukikabidhiwa gari la namna hii, usitie sahihi kabla hujakitoa kisanduku na kukiona kwa macho yako kuwa kitupu, wala kabla hujaonyeshwa tangi la maji safi, mtungi wa gesi na namna ya kuwasha hita. Sisi tulielezwa yote hayo kwa dakika 10, tukiwa tumetoka kwenye ndege na usingizi umetujaa.

Barabarani hatukupata shida. New Zealand huendesha upande wa kushoto kama kwetu, na gari, ingawa ni refu, lilitulia vizuri mradi mtu asiwe na haraka. Safari ya kutoka Tekapo hadi Aoraki, mlima uitwao pia Mount Cook, ni ya kilomita zipatazo 105. Kuanzia makutano ya barabara namba 80 unaambaa na ziwa Pukaki muda mrefu, na maji yake ni ya samawati nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi, kwa sababu barafu ya milimani husaga mawe yakawa unga laini unaoelea bila kuzama. Tuliposimama kutazama, upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba nililazimika kuushika mlango kwa mikono miwili ili usipinduke. Kumbuka pia kwamba gari la dizeli nchini humo hulipiwa tozo ya barabara kwa kila kilomita, mbali na bei ya mafuta. Tozo hiyo haikuwamo katika bei tuliyoambiwa mwanzo, nasi tuliidaiwa siku ya kurudisha gari.

Chakula tulikuwa tumekinunua mapema, kwa kuwa katika kijiji cha Mount Cook hakuna duka kubwa. Saa 7 mchana tulikuwa kambi ya White Horse Hill, iliyo chini ya Idara ya Uhifadhi, nami nikapika samoni kwa tui la nazi la kopo juu ya jiko la gesi la mafiga mawili, mlango ukiwa wazi na kilele cha theluji chenye urefu wa mita 3,724 mbele yangu. Kwa saa hiyo moja tu nilisamehe mengi.

Tukiwa tunakula tulisikia kitu kikitembea juu ya paa. Alikuwa kea, kasuku wa milimani mwenye rangi ya kijani iliyofifia, na ukimwona akiruka utaona chini ya bawa rangi ya chungwa iliyokolea. Alishuka hadi kwenye dirisha la juu, akakamata mpira wa ukingoni kwa mdomo wake uliopinda na kuuvuta kama mtu anayevuta uzi wa nguo. Binti yangu alitaka kumpa mkate. Nilimkataza, kwa sababu kuwalisha ndege hawa huwadhuru. Tulipiga makofi, akaondoka. Kagua mipira ya madirisha na uipige picha kabla ya kuondoka na gari, usije ukalipishwa.

Jioni tulitembea hadi Kea Point, njia nyepesi ya takriban saa moja kwenda na kurudi, ambayo mtoto aliimudu bila kubebwa. Kambi hiyo haina umeme wa kuunganisha, kwa hiyo taa na hita vilitegemea betri iliyochajiwa tukiwa njiani. Hita ilifanya kazi vizuri hadi asubuhi, na kwa hilo gari nalisifu. Usiku tulisikia ngurumo ndefu zikitoka upande wa mlima Sefton: ni barafu iliyokuwa ikiporomoka. Binti yangu alidhani ni mvua, akaomba tuzime taa asikilize.

Ninalipatia gari lenyewe nyota 4 kati ya 5, na makabidhiano nyota 2. Nikikodi tena nitachukua gari fupi zaidi, nitaomba saa nzima ya maelezo, na White Horse Hill nitalala siku 2.