Ukitaka karavani ya zamani hapa Lubumbashi, anza na skrubu za reli

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilinunua karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Nilimlipa muuzaji dola 3,200 taslimu, ikavutwa mpaka shambani kwetu njia ya Kasenga, tukachinja kuku, tukala bukari (ugali) chini ya mwembe, watoto wakagombania kitanda cha juu. Kufika mwezi wa kumi na moja ukuta wa nyuma ulikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Niliusukuma kwa kidole gumba, kidole kikazama mpaka kwenye kiungo. Ndani kulitoka maji ya rangi ya kahawia na harufu ya kabati la marehemu bibi.

Aina ya karavani ile siitaji, maana kosa si la kiwanda. Ni umri wake, na ni mtu aliyejua akanyamaza.

Tangu nieleze habari hiyo, maswali hayakatiki. Yaya mmoja, mkubwa wetu wa Likasi, anataka mbili za kupangisha wageni wikendi karibu na mto. Dada wa hapa mjini amechoka na vumbi la migodi na anataka mahali pa kulala na watoto wake huko mashambani bila kulala chini. Wengine wanafikiria safari za maporomoko ya Kiubo, kwenye Lufira, au upande wa Kundelungu, ambako ukifika usiku hakuna hoteli ya kukupokea. Wote wananiuliza swali moja: ninunue ipi?

Sitazungumzia godoro, mapazia wala jiko. Hayo utayaona kwa macho yako dakika ya kwanza. Nitakueleza kile ambacho hakuna aliyenieleza mimi.

Karavani nyingi za zamani ni fremu ya mbao iliyovishwa bati jembamba la alumini kwa nje na tripleksi, mbao nyembamba za tabaka, kwa ndani. Pale paa linapokutana na ukuta wa pembeni pana reli ndefu ya alumini, inayoanzia mbele, inapanda, inashuka mpaka nyuma. Kazi yake ni kushikilia turubai la kivuli. Reli hiyo imefungwa kwa skrubu za chuma, kila baada ya sentimita chache, na kila skrubu imetoboa bati na kuingia kwenye mbao. Kinachozuia maji ni mastiki tu, gundi ya kuziba nyufa, iliyopakwa chini ya reli siku karavani ilipotengenezwa. Jua la miaka 40 likiipiga, mastiki inakuwa ngumu, inapasuka, inabanduka. Mvua inafuata skrubu moja moja kama ngazi mpaka ndani ya mbao. Kwa nje bati linang'aa, limepakwa rangi mpya. Kwa ndani mbao zinaoza kimya kimya.

Juu ya skrubu hizo mara nyingi kuna utepe wa plastiki wa kuzificha, mweupe au wa kijivu. Uvute. Unatoka kirahisi kwa ncha ya bisibisi, na unarudishwa kirahisi vilevile. Skrubu ziking'aa, endelea na mazungumzo. Zikiwa na kutu, na hasa ukiona zimezungukwa na unga wa rangi ya matofali, maji yamekwisha kuingia, hata kama muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake. Yangu ilikuwa na kutu kutoka kona mpaka kona. Papa fundi aliyekuja kuifungua alizishika skrubu kwa vidole akazichomoa bila chombo chochote, akaziweka kwenye kiganja changu. Zilikuwa nyembamba kama njiti za kiberiti.

Sasa angalia kalenda. Kwetu mvua inakatika mwezi wa nne na kurudi mwezi wa kumi. Biashara ya karavani inafanyika katikati, kwenye kiangazi, barabara zikiwa kavu na watu wakiwa na hamu ya kutoka mjini. Mwezi wa saba na wa nane mbao iliyooza imekauka, ukuta ni mgumu, harufu imekwenda. Ndiyo maana kidole gumba pekee hakitoshi. Nenda na bido (dumu) la maji la lita 20. Omba ruhusa, panda ngazi, mwaga maji polepole juu ya reli pande zote mbili, halafu subiri nusu saa. Ingia ndani, fungua makabati ya juu, pitisha mkono kwenye pembe za ndani kabisa, pale mapazia yanapoficha. Mkono ukitoka na unyevu, ondoka.

Basi, tuje kwenye aina zenyewe.

Ya kwanza kwangu, na sitaficha kwamba naipenda kuliko zote, ni Eriba ya Ujerumani. Erwin Hymer na mhandisi wa ndege Erich Bachem walitengeneza ya kwanza mwaka 1957, na jina lenyewe limetoka kwenye majina ya huyo Bachem. Tofauti yake ni mifupa. Badala ya mbao, zile za aina ya Touring zina fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kisha bati la alumini juu yake. Skrubu ikivuja, maji yanakutana na chuma. Chuma nacho kinashika kutu, sikatai, lakini kutu ya bomba inachukua miaka mingi, na mafundi wa kuchomelea tunao kila kona ya mji huu. Fundi wa kujenga upya fremu ya mbao ya karavani mimi nilimtafuta miezi miwili.

Eriba ndogo kabisa inaitwa Puck. Halafu kuna Familia, Triton na Troll. Paa lake linanyanyuka katikati ukifika, linashuka ukisafiri, kwa hiyo upepo wa njia hauisumbui na gari la kawaida kama RAV4 linaivuta. Puck haifiki mita 2 kwa upana, na kontena kwa ndani lina mita 2.35 hivi. Hapo ndipo moyo wangu ulipodunda: inaingia ndani ya kontena! Mwenye ndugu Ubelgiji, na Lubumbashi nani hana, anaweza kuitafuta kule, kuipakia Antwerp, ikashukia Dar es Salaam, ikapandishwa kwa lori kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani kwetu. Mjomba wangu wa Liège ameanza kunitafutia. Mwambie anayekukagulia huko aangalie vitu viwili: kitambaa cha pembeni ya paa linalonyanyuka, kama kimechanika kwenye mikunjo, na kingo za sakafu karibu na mlango na juu ya magurudumu, kwa sababu sakafu bado ni mbao.

Ya pili ni zile za Afrika Kusini, Gypsey na Jurgens, na hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi zaidi maana zinavutwa kwa barabara mpaka kwetu. Jurgens ina makabati yaliyofungwa vizuri, na ukilala ndani unajisikia uko nyumbani. Gypsey ya miaka ya 1970, kama Romany, ina umbo linalonifurahisha, na vioo vyake vya mbele vinakuletea asubuhi yote kitandani. Nimefungua utepe wa Gypsey mbili: moja ilikuwa safi kabisa, nyingine ilikuwa maiti iliyopakwa rangi. Kwa hiyo hapa unanunua historia ya karavani zaidi ya jina lake. Uliza ililala wapi. Iliyokaa miaka yote chini ya paa la garaji iongezee dola 500 bila kulalamika.

Kuna jambo jingine kuhusu hizo za kusini. Wenzetu wa Zambia na Afrika Kusini wanaendesha kushoto, sisi kulia. Mlango wa karavani zao uko kushoto. Ukisimama kando ya njia ya Likasi, mlango unafungukia barabarani, kwenye malori ya madini. Kwa karavani itakayokaa shambani haidhuru. Kwa mwenye kusafiri na watoto, usichukue kabisa.

Ya tatu ni Sprite. Sam Alper aliianzisha Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 ili watu wa kipato cha kawaida nao waende likizo, na baadaye Afrika Kusini ikawa na Sprite zake. Ni nyepesi, ni ya bei nafuu, inapendeza. Lakini wepesi wake ni wembamba wake, na mbao nyembamba zikiloa hazina muda wa kukuonya.

Ya nne ni Airstream ya Marekani, ile ya fedha inayong'aa, ambayo kila mtu anaiona kwenye picha. Wally Byam, mwanzilishi wake, alitoa ile iitwayo Clipper mwaka 1936, na mpaka leo mwili wa alumini iliyofungwa kwa rivet, vile vipini vya chuma vya kugongwa, ni kazi ya kuheshimika. Nayo sakafu yake ya tripleksi inaoza kwenye kingo za nyuma, na ukijumlisha bei, meli na ushuru, umejenga nyumba ya vyumba viwili Kasapa. Zile nakala mpya zinazotoka China ni za kuuzia chakula. Usilale humo mwezi wa kumi, utaiva.

Hema kubwa la turubai ni la bei ndogo kuliko zote na linafaa kiangazi kimoja. Ukilikunja likiwa na unyevu mara moja, kuvu haitoki tena.

Yoyote utakayochagua, soma tairi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Karavani inasimama zaidi ya kutembea, kwa hiyo tairi inaonekana mpya huku mpira umekufa. Na usizibe matundu ya hewa ya sakafuni kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, wala usiingize mbabula (jiko) ya makaa ndani hata kwa dakika kumi. Moshi usioonekana wa makaa unaua watu wakiwa usingizini, na karavani ni chumba kidogo sana.

Lazima niseme la bei, kwa sababu linaniuma. Muuzaji anakutajia bei ya Kasumbalesa kana kwamba ni bei ya Lubumbashi, na kilomita 90 zile zina gharama kuliko bahari nzima. Ushuru hautajwi, karatasi zinasemekana “ziko njiani”, komisioneri (dalali) anadai kumi kwa mia kutoka kwako na kumi kutoka kwa mwenye mali, halafu mvutaji anaongeza bei mkiwa katikati ya safari. Mimi dola 3,200 zilikuwa 4,450 kabla sijanunua hata shuka. Sasa naandika bei moja kwenye karatasi, “imefika shambani, na karatasi zake zote”, tunatia sahihi wote wawili, ndipo natoa malipo ya kwanza. Watatu wamekataa kutia sahihi. Mmoja amekubali, na huyo namba yake ninaitunza.

Wiki iliyopita nilikwenda kuona Gypsey nzuri sana pembeni ya njia ya Kipushi, rangi ya maziwa, mapazia ya maua, viti vimeshonwa upya. Niliipenda tangu getini. Nilishusha bido langu, nikamwomba papa mwenye mali ngazi. Akacheka kwa upole, akasema, “Mama, maji ya nini? Mvua ingali mbali.” Nikamwomba mara ya pili. Akasema karavani imetoka kupakwa rangi, maji yatachafua. Nikarudisha bido garini, likiwa bado limejaa, nikamwagilia nyanya zangu jioni ile.