Tuisheni ya IELTS spikingi Sinza, nimemaliza wiki tatu

Jamani mimi ni nesi, naomba kazi Uingereza, na kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, spikingi yaani sehemu ya kuongea ndo nilikuwa nakwama kabisa. Nikampata mwalimu mmoja Sinza, darasani tuko sita tu. Nilichopenda mno, anakukalisha mezani mnatazamana, anawasha kurekodi kwenye simu, anakupa kadi yenye mada, karatasi na penseli, dakika 1 ya kujiandaa halafu unaongea mpaka dakika 2 yeye kimya, siku ya kwanza nilifika sekunde 40 nikaishiwa, jasho linanitoka. Baadae mnasikiliza rekodi pamoja, hapo ndo nikajisikia navyovuta "eeeh" kila baada ya maneno matatu, sikuwahi kujua. Kukariri majibu kakataza kabisa, na akatuambia lafudhi ya kibongo sio kosa ilimradi unaeleweka, hilo lilinipa amani kweli.

Ila sehemu ya 3, ile ya mjadala, tuliigusa juu juu siku mbili za mwisho, na inachukua dakika 4 hadi 5 kwenye mtihani wa dakika 11 hadi 14! Ukijiunga mwambie mapema muianze wiki ya kwanza.