Sindano mbili au krosheti: ipi itawahi sikukuu?

Zimebaki wiki tatu, na kapu langu lina zawadi mbili za kufuma kwa uzi: soksi za sindano za kufumia na kofia ya krosheti, yaani ya ndoano moja. Kofia naimaliza kesho. Soksi, Mungu anajua.

Tofauti iko kwenye vitanzi. Krosheti hubeba kitanzi kimoja tu kwenye ndoano. Ukiitwa unaiweka chini, ukikosea unavuta uzi, unafumua kidogo, unaendelea. Sindano hubeba vitanzi vyote vya safu kwa pamoja, na soksi ya mtu mzima hufika 60 au zaidi. Juzi kimoja kilichomoka kikateremka safu nane, kikaacha alama kama ngazi. Nilikipandisha taratibu, safu kwa safu, kwa ndoano ileile ya krosheti (nilicheka mwenyewe).

Ila krosheti kwa kawaida hula uzi zaidi, na kitambaa chake huwa kinene, hakivutiki sana. Kwa kofia, skafu au mdoli, safi kabisa. Soksi na sweta zinataka kuvutika, na hapo sindano hazina mpinzani.

Zawadi za haraka nimezihamishia kwenye krosheti. Soksi ya kulia imefika kisiginoni. Ya kushoto sijaianza, mwenyewe atavumilia mpaka mwakani.