Uzoefu wangu: rangi, shelaki na vishikio vipya kwenye makabati ya mama

Kabla sijasema lolote kuhusu rangi, nianze na lile doa. Droo iliyo pembeni mwa jiko la kupikia ilikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa kiganja kuzunguka kishikio chake. Haukuwa uchafu wa wiki wala wa mwaka. Ilikuwa miaka zaidi ya 30 ya vidole, mvuke na mafuta, vyote vimegandana juu ya vanishi hadi vanishi yenyewe ikalainika kama nta. Ukiikwangua kwa ukucha, inakuja. Kila kabati la mama lilikuwa na doa la namna hiyo mahali fulani: milango 22, droo 9, zote za mbao za mwaloni, vanishi imegeuka kama asali iliyoungua, paneli zimeinuka katikati, na juu karibu na dari lile pambo la mbao ya kuchonga.

Kampuni ya kwanza tuliyoiita ilitaka kuvunja kila kitu. Mtu wao alipima kuta, akapiga picha, akatuambia jiko la namna hii halitengenezeki. Hakufungua hata mlango mmoja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza. Aliporudi akaniambia, "Mwanangu, jiko langu haliumwi. Limechoka sura tu." Nilikata shauri hapo hapo kwamba hatuvunji.

Ila sikutaka kupaka rangi juu ya kitu kilichooza, kwa hiyo nililikagua jiko lote kwanza. Nilitoa vyombo vyote, nikabonyeza kila ubao wa chini kwa kidole, hasa chini ya sinki. Nikavuta kila bawaba kuona kama skrubu bado zinashika. Masanduku ya makabati, nyuma ya milango, yalikuwa ya plaiwudi, makavu, yamenyooka. Ubao mmoja tu chini ya sinki ulikuwa umevimba kwa maji, nikaubadilisha. Makabati yako yakiwa ya mbao za kushindiliwa zilizokwisha kufura kila upande, usomaji wako uishie hapa, kwa sababu rangi haitayarudishia nguvu.

Vitu nilivyonunua ni praima ya kushika (praima ni rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe), ile ya maji, baadaye praima ya shelaki (nitaeleza kwa nini zikawa mbili), rangi ya enameli yenye resini ya alkidi inayochanganyika na maji, bawaba zinazofunga polepole, vishikio, na taa za utepe za LED. Naandika baada ya miezi 14 ya jiko hilo kupikiwa kila siku, maana sifa zinazoandikwa wiki ya kwanza hazimsaidii mtu.

Nilianza kwa jaribio, na nashukuru sana nilifanya hivyo. Nyuma ya mlango mmoja nilipaka rangi ya ukuta iliyokuwa imebaki stoo, bila maandalizi yoyote. Pembeni yake nikasafisha, nikapiga msasa, nikapaka praima, kisha enameli. Baada ya wiki nilichukua wembe nikachora mistari inayokatizana kama wavu mdogo kwenye kila upande, nikabandika selotepu juu yake, nikaivuta kwa ghafla. Rangi ya ukuta iling'oka yote, ikabaki kwenye selotepu kama ganda. Upande wa pili hakikutoka hata kipande. Jaribio hilo ni la dakika tano, na ningependa kila mtu alifanye kabla ya kushika brashi.

Usafishaji ulikula muda kuliko kitu kingine chochote. Kati ya saa kama 70 za kazi nzima, zaidi ya nusu zilikwenda kabla sijafungua kopo la rangi. Msasa hauji kwanza. Ukipiga msasa juu ya mafuta, unayashindilia ndani ya vinyweleo vya mbao, na hapo praima haitashika. Nilitumia sabuni kali ya kuondoa mafuta, glavu mikononi, brashi ya meno kwenye pembe za paneli, kisha nikafuta kwa maji safi mara mbili, kwa sababu mabaki ya sabuni nayo huzuia rangi kushika. Maji ya ndoo ya kwanza yalitoka ya kahawia iliyokolea. Baada ya kukauka, msasa namba 150, halafu 220. Sikuwa na haja ya kufika kwenye mbao tupu, nilitaka tu mng'ao wa vanishi ufe na uso upate mikwaruzo midogo ya kushikilia praima.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito. Makabati yetu yalikuwa na vanishi, lakini fremu ya dirisha la jikoni ilikuwa na rangi ya zamani sana. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi. Usipige msasa mkavu juu ya rangi usiyoijua umri wake. Mimi fremu ile sikuigusa.

Sasa nije kwenye kosa lililonipotezea siku nne. Praima ya kwanza, ile ya maji, ilishika vizuri kabisa. Nikapaka enameli nyeupe yenye krimu kidogo juu yake, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi nikakuta madoa ya njano na kahawia yamejitokeza kwenye milango sita, hasa pembezoni mwa paneli na penye vifundo vya mti. Nikapaka tena, yakarudi. Mwaloni una tanini nyingi, yaani kemikali ya asili ya mti inayotia doa la kahawia, na maji yaliyomo kwenye praima na rangi huiyeyusha na kuivuta juu, kwa hiyo kila mkono wa rangi niliouongeza ulizidi kuiamsha.

Dawa yake ilikuwa praima ya shelaki. Shelaki ni utomvu unaotengenezwa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti. Watu huuvuna, huusafisha, kisha huuyeyusha kwa spiriti. Kwa kuwa haina maji, haiiamshi tanini bali huifungia chini. Mkono mmoja mwembamba tu, na milango ile sita haikutoa doa tena hadi leo. Inakauka haraka mno: baada ya dakika 45 hivi nilikuwa tayari kwa mkono unaofuata. Lakini haraka hiyo ina bei yake. Ukichelewa kurudia mahali ulipokwisha kupita, brashi inavuta na kuacha michirizi. Harufu yake ni kali, mvuke wake unashika moto kirahisi, kwa hiyo madirisha wazi, hakuna jiko lililowashwa, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, maana ile ya vumbi haitoshi. Brashi husafishwa kwa spiriti. Pamoja na taabu zote hizo, shelaki naipa nyota 5, na ningekuwa naanza upya ningeipaka kwenye milango yote tangu siku ya kwanza.

Mwaloni una vinyweleo vilivyo wazi, na hata chini ya rangi mistari yake huonekana. Kuna wanaoijaza kwa puti na kuipiga msasa hadi mlango ukawa laini kama kioo. Nilimwonyesha mama milango miwili, mmoja uliojazwa na mmoja ulioachwa. Akapitisha kidole kwenye ule ulioachwa, akasema mti usifichwe wote. Nikafurahi, kwanza kwa sababu alikuwa na haki, kisha kwa sababu aliniokoa na wiki nzima ya puti.

Enameli yenyewe nilipaka mikono miwili, rola ndogo ya sponji kwenye sehemu bapa na brashi kwenye michongo. Inajisawazisha yenyewe vizuri, alama za brashi zinazama. Kopo linasema saa 16 kati ya mkono na mkono, nami nilizifuata. Nilichodharau ni kukomaa. Rangi inaweza kuwa kavu mkononi baada ya saa chache na bado ikawa laini kwa ndani hadi siku 30. Nilirudisha milango siku ya tatu kwa sababu mama alichoka kuishi na makabati wazi, na milango miwili ikagandia kwenye fremu. Ilipofunguliwa iliacha ngozi ya rangi nyuma, nikapaka upya. Kama huwezi kusubiri, weka vidonge vya mpira au vya kitambaa kwenye pembe za ndani, ufunge polepole, na usifute kwa sabuni mwezi wa kwanza.

Namba za milango niliandika kwenye vipande vya selotepu na kuvibandika ndani ya tundu la bawaba, lile la milimita 35, kwa kuwa halipakwi rangi na bawaba hulifunika. Usijiamini kwamba utakumbuka. Milango miwili inayofanana kwa macho inaweza kutofautiana milimita 3.

Vishikio vilinifundisha kupima. Vya zamani vilikuwa na skrubu mbili zilizoachana milimita 76, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Mimi nilipenda vipya kwa sura nikavinunua, nikafika navyo nyumbani na kukuta ni vya milimita 96. Bahati yangu nilikuwa bado kwenye praima. Niliziba matundu ya zamani kwa puti ya mbao ya kuchanganya sehemu mbili, ile inayoganda kama jiwe, nikapiga msasa, nikatoboa upya kwa kutumia kiolezo cha ubao nilichotengeneza mwenyewe ili matundu yote yakae mstari mmoja. Kama ningekuwa nimemaliza rangi, kazi hiyo ingekuwa kilio. Vishikio hivi, vya shaba isiyong'aa, ndivyo watu wanavyovisifia wakiingia. Vile vya zamani mama amevihifadhi kwenye kopo.

Bawaba mpya ziliingia kwenye matundu yale yale. Penye skrubu zilizolegea nilijaza vijiti vyembamba vilivyopakwa gundi ya mbao, nikavikata usawa, nikafunga skrubu upya. Zimetulia. Usiku hakuna tena mlango unaopigwa.

Taa ndizo zilizobadilisha jiko kwa kazi ndogo kuliko zote. Awali kulikuwa na taa moja ya mrija katikati ya dari, kwa hiyo mtu akisimama kukata kitu anakata ndani ya kivuli chake mwenyewe. Niliweka tepe za LED chini ya makabati ya juu. Za kwanza zilikuwa za kelvini 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea samawati), na rangi yetu ya krimu ikaonekana ya samawati, kama ya hospitali. Nikabadilisha kwa za kelvini 3000 zenye kielezo cha uhalisia wa rangi, kile kinachoandikwa CRI, kinachozidi 90. Ziweke karibu na ukingo wa mbele wa kabati, si nyuma ukutani, ili mwanga uangukie mikono. Na ziingize kwenye mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga, vinginevyo kaunta inayong'aa itakuonyesha vitone vyote vya LED. Waya wa umeme wa kawaida alikuja kuunganisha fundi mwenye leseni. Hapo sikubahatisha.

Vigae vya ukutani havikubadilishwa. Dada yangu alishauri stika za vinaili za kufunika vigae, tukajaribu safu moja nyuma ya jiko la kupikia. Ndani ya wiki tatu joto lilizikunja pembe. Nyota 1 kwa mahali pale, ingawa mbali na moto huenda zingedumu. Tulichofanya badala yake ni kukwangua grauti (kijazio cha kati ya vigae) ya kahawia iliyokuwa imeoza pembezoni, kujaza mpya ya kijivu chepesi, na kuondoa silikoni yenye ukungu kuzunguka sinki. Kaunta tuliiacha. Bomba la sinki nilibadilisha kwa saa moja.

Baada ya miezi 14, hali ni hii. Ukingo wa mlango wa pipa la taka umechubuka mahali pawili, kwa sababu hufunguliwa kwa mguu. Kabati lililo juu ya birika la umeme, rangi yake imeanza kuinuka kidogo kwenye ukingo wa chini kwa mvuke, na hilo ni kosa langu, maana sikuziba vizuri ukingo ule kwa praima. Kwingine kote, hata ile droo ya pembeni mwa jiko la kupikia, inafutwa kwa kitambaa chenye maji na inarudi safi. Weupe haujageuka njano. Enameli naipa nyota 4. Nyota moja nimeitoa kwa sababu kopo linaandika saa za kukauka kwa herufi kubwa na siku za kukomaa kwa herufi ndogo nyuma.

Nimebakiza robo lita ya enameli kwenye chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, kifuniko kina namba ya rangi na tarehe. Jumamosi hii nahamisha birika upande wa dirisha, napiga msasa ule ukingo, shelaki mkono mmoja, enameli miwili. Mama ameshatoa vikombe kabatini tangu jana.